Simu Imefika Mlola, Njia ya Chooni Bado Haina Taa

Kila nikirudi kwetu Mlola, milimani Lushoto, hupita kwanza gulioni kabla ya kupanda kwenda nyumbani, na kila mara, kwenye kibanda cha wakala wa fedha, namkuta bibi au babu amesimama kwa namna ileile. Mkono mmoja umeshika mkongojo. Mwingine unafungua pindo la khanga. Ndani ya pindo mna mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko mna kiswaswadu kilichofutika namba, na chini ya betri ya kiswaswadu mna kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Kwenye kikaratasi kuna tarakimu nne. Bibi anakabidhi vyote viwili, simu na kikaratasi, kwa kijana wa kibandani. "Mwanangu, nitazamie kama ameshatuma."

Kijana anabonyeza, anasubiri, anabonyeza tena. "Imeingia, bibi. Ishirini." Anahesabu noti, anarudisha simu na kikaratasi chake. Bibi anashukuru, anafunga pindo, anaanza kushuka taratibu. Kama ilikuwa ishirini au thelathini, hana njia ya kujua.

Vijana wengi wa vibanda vile ni waaminifu, na wapo wanaowabebea wazee mizigo mpaka njia panda. Sina ugomvi nao. Ninachokiwaza nikiwa pale ni upande wa pili wa ile simu. Dar es Salaam, Tanga mjini au Arusha, dakika ileile, kuna mwana ambaye simu yake imelia, amesoma kwamba fedha zimefika, akashusha pumzi: ya mama mwezi huu nimemaliza. Mwana huyo mara nyingi ni mimi.

Ndiyo maana nasema, na neno hili nitalisimamia mpaka mwisho: teknolojia tuliyowapelekea wazee wetu milimani tumeipima kwa utulivu wa mtoto aliye mbali, hatukuipima kwa usalama wa mzazi aliye nyumbani. Teknolojia ya kumtunza mzee ianzie ndani ya nyumba anayolala, jikoni, chooni, kwenye ngazi ya mlangoni, halafu imfikie mtu wa karibu anayeweza kuja akiitwa. Simu ifuate baada ya hapo, na ikifuata iwe yake kweli.

Sisemi haya kwa kuidharau simu. Kabla huduma za fedha kwa simu hazijaanza nchini mwaka 2008, tulikuwa tunafunga noti ndani ya bahasha na kumkabidhi kondakta wa basi la Lushoto, kisha tunaomba Mungu. Bahasha nyingine zilifika baada ya wiki mbili, nyingine hazikufika kabisa. Leo fedha inapanda kutoka Mombo hadi Mlola kwa sekunde chache, mvua inyeshe, barabara imeguke. Hiyo ni neema, na nyumba nyingi za Usambara zimeezekwa bati kwa neema hiyo. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka.

Saa nane za usiku

Masika ya miaka michache iliyopita mama yangu alianguka. Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za huku, imekaa kwenye mteremko. Uwanja umechongwa kwenye mlima kama rafu: nyuma ya nyumba kuna ukuta wa udongo, mbele kuna mporomoko wa migomba. Choo cha shimo kiko chini, hatua kama thelathini kutoka mlango wa uani, kwa njia iliyokatwa kwa jembe. Mchana kiangazi ni njia ya kawaida. Usiku wa masika, udongo ule mwekundu ukishalowa, hata mbuzi huuteremka kwa kufikiri.

Alitoka saa nane za usiku. Tochi ya simu asingeweza kuiwasha kwa sababu simu haikuwa nyumbani, alikuwa ameiacha kwa kinyozi ichajiwe. Aliteleza hatua ya kumi au kumi na mbili. Akakaa pale, kwenye tope na baridi, mpaka jirani aliyekuwa anakwenda kuchota maji alfajiri aliposikia mtu anaita. Vijana wanne wakaja na machela, wakambeba mpaka barabarani, ikatafutwa bodaboda, akafikishwa kituo cha afya. Mkono ulikuwa umevunjika kwenye kifundo. Nyonga, tunashukuru, ilisalimika.

Nilipata habari saa moja asubuhi nikiwa foleni ya Ubungo. Unajua nilifanya nini? Nilituma hela.

Nilizituma haraka, kwa upendo wote, na zilisaidia kwenye dawa na nauli. Ila baadaye, nikiwa nimeketi kando ya kitanda chake, nilipiga hesabu. Katika miaka mitano nilikuwa nimemtumia fedha ambazo zingejenga choo cha tofali ubavuni mwa nyumba yake mara kadhaa. Hakuna mwezi hata mmoja niliouliza njia ya chooni ikoje. Na yeye hakuniambia. Mzazi wa Kisambaa, na nadhani mzazi wa Kiafrika kokote, hamwambii mwanawe wa kiume habari za choo kwa simu. Anasema, "Hatujambo, tuko salama, mvua inanyesha vizuri." Sisi tunasikia salama, tunakata simu.

Laini ya bibi, jina la mjukuu

Twende sasa kwenye hiyo simu yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020 nchi nzima ilipanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Siku ya mwisho iliposogezwa mpaka Januari 20, 2020, bado wazee wengi walikuwa kwenye foleni. Nia ilikuwa njema, maana matapeli walikuwa wamezidi. Lakini mashine ile ilitaka kitu ambacho mkulima wa miaka sabini hana: mistari ya vidole. Jembe limeila. Miaka ya kung'oa viazi, kufunga matita ya kuni na kuchambua maharage imelainisha ncha za vidole mpaka zinang'aa kama kokoto ya mtoni.

Nilisimama na shangazi yangu kwenye foleni moja ya namna hiyo. Kidole gumba cha kulia, mashine ikakataa. Cha kushoto, ikakataa. Akaambiwa anawe, akanawa. Akaambiwa afute na kitambaa, akafuta. Vidole kumi vyote vikapita juu ya kile kioo kidogo chekundu, na shangazi, aliyewalea watoto saba kwa vidole hivyohivyo, akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba hayupo.

Suluhisho likawa lile la familia nyingi: laini ikasajiliwa kwa jina la mjukuu. Kwa mwaka mmoja mambo yalikwenda. Kisha mjukuu akaenda kutafuta maisha mjini, na laini ilipopotea shangazi hakuweza kuirudisha, kwa kuwa machoni pa mashine laini haikuwa yake. Fedha iliyokuwemo haikuwa yake. Hata salio la kumpigia mwanawe halikuwa lake. Mzee akawa mgeni ndani ya simu yake mwenyewe.

Tuongeze hapo ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", ambao kila Mtanzania ameupata. Kijana anaucheka na kuufuta. Bibi anayesubiri kweli mwanawe amwagize jambo anaupeleka kibandani na kikaratasi chake. Nani wa kulaumiwa, yeye au sisi tuliompa mlango usio na komeo?

Mambo haya yana uzito kwa sababu siku hizi mengi yanapitia humo. Walengwa wa mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, ambao wengi wao ni wazee, wamekuwa wakihamishiwa malipo ya simu na benki. Kenya, mpango wa Inua Jamii unampa kila mzee aliyesajiliwa wa miaka 70 na kuendelea shilingi 2,000 za huko kwa mwezi, nao umepitia mikononi mwa benki, kadi na simu. Zanzibar walianza kwa njia ya kienyeji zaidi. Pensheni Jamii ilipoanza Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi bila kuuliza kama alichangia mfuko wowote, mzee alikwenda kituoni na kitambulisho chake akapewa fedha mkononi. Kiwango kimeshapanda hadi 50,000. Kuna watu waliiona ile meza na ule mstari wa wazee kama jambo la kizamani. Mimi naona kulikuwa na faida yake. Mzee asiyeonekana kwenye mstari huulizwa na wenzake: yuko wapi, anaumwa? Malipo ya simu hayamuulizi mtu. Mzee anaweza kulala kitandani siku tisa na fedha yake ikaingia kwa wakati, kamili.

Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa KwaWazee umekuwa ukiwapa bibi wanaolea yatima pensheni ndogo tangu mwaka 2003, na bibi hao wamejiunga vikundi vya kusaidiana. Ukiwauliza wazee wa Mlola wanataka nini zaidi kati ya programu mpya ya simu na kikundi cha namna hiyo, nadhani jibu unalijua.

Moshi na macho mekundu

Wapo watakaosema nachanganya mambo: choo na jiko si teknolojia. Nawaomba waende Magu, mkoani Mwanza. Usukumani, kwa miaka mingi, bibi vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na moja ya "ushahidi" wa wauaji ulikuwa macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi. Mwanamke aliyepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini, ndani ya kibanda kisicho na dirisha, macho yake yatakuwaje? Shirika la Maperece la Magu, likishirikiana na HelpAge International, liliingia kwenye jambo hili kwa mikutano na semina, lakini pia kwa udongo: likahimiza majiko banifu yanayopunguza moshi na kuni, likasaidia kujenga nyumba bora za bibi hao. Jiko la udongo likawa kinga ya uhai. Niambieni ni programu gani ya simu imefanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Huku kwetu, namshukuru Mungu, hatujafika huko. Lakini moshi tunao. Juni na Julai ukungu hushuka Mlola mpaka usione jirani, na mzee hahami jikoni. Analala humo. Na hapa nina jambo la kuwaambia wanaotekeleza Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024 na unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Lengo ni zuri na naliunga mkono. Ila mama yangu nilimnunulia mtungi wa gesi wa kilo sita, akaupokea kwa heshima, akauweka chumbani, akaufunika kitambaa cha kudarizi. Unang'aa mpaka leo.

Nilikasirika kwanza. Kisha nikakaa naye jikoni jioni tatu mfululizo, nikaelewa. Moto wa kuni kwake haupiki tu. Unampasha mwili. Unakausha mahindi yaliyoning'inizwa darini na kuwafukuza wadudu. Unamulika chumba. Unamleta jirani aje kuota moto na kuzungumza. Mtungi unapika maharage, basi, na ukiisha lazima mtu aubebe kilima kizima kwenda kuujaza. Kwa bibi wa Usambara, gesi peke yake ni jiko linalomwacha na baridi.

Alichohitaji kilikuwa jiko la udongo lenye dohani, linalotoa moshi nje na kuacha joto ndani. Fundi wa kijijini analijua, ukimweleza. Tulilijenga kwa siku mbili: tofali, udongo uliokandwa na majani makavu, na bomba la bati la kupitisha moshi ukutani. Kikohozi cha asubuhi kimepungua. Mtungi ameniruhusu niuchukue.

Bomba la kushikia

Singapore ni nchi tajiri, yenye kila mtambo unaoweza kuutaja. Mwaka 2012 serikali yake, kwa ajili ya wazee wanaoishi kwenye nyumba za umma, ilianza mpango ambao ukiusikia utadhani ni wa kata yetu: kufunga mabomba ya kushikia bafuni na chooni, kuifanya sakafu isiteleze, kuweka vibao vya mteremko mahali pa ngazi. Serikali inalipa sehemu kubwa ya gharama, mpaka asilimia 95 kwa nyumba ndogo. Wale watu wamekaa wakatazama mzee anaumia wapi, wakakuta ni bafuni, wakaanzia bafuni.

Sisi tuna nini? Tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, inayomtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Sensa ya 2022 ilitukuta watu milioni 61.7, na wazee ni karibu asilimia 5.7, yaani watu wapatao milioni tatu na nusu. Tuna makazi ya serikali kwa wazee wasio na ndugu, Mwanzange kule Tanga mjini, Fungafunga Morogoro, Kolandoto Shinyanga, Nunge Kigamboni, na wanaohudumia humo wanafanya kazi ya heshima. Lakini makazi hayo yanabeba wachache mno. Mzee wa Tanzania anaishi kwenye nyumba aliyojenga yeye au marehemu mumewe, miaka arobaini iliyopita, alipokuwa na magoti ya kijana. Nyumba hiyo ndiyo makazi ya wazee ya nchi hii. Nani ameikagua?

Nilipomwita fundi baada ya mama kuanguka nilikuwa na mawazo makubwa: choo cha kuvuta ndani, marumaru, tangi juu ya dari. Fundi, mtu mzima aliyemuuguza baba yake mwenyewe, alinisikiliza, akauliza, "Maji ya kuvutia yatatoka wapi kiangazi?" Tukashuka pamoja kwenye njia ile. Akapendekeza tuhamishe shimo, tuchimbe jipya ubavuni mwa nyumba, usawa mmoja na mlango, umbali wa hatua nane. Sakafu ya zege iliyokwaruzwa kwa fagio kabla haijakauka, ili unyayo ushike. Bomba la maji la chuma, lile la kawaida la dukani, limepigwa ukutani kuanzia mlango wa uani mpaka ndani ya choo. Juu ya tundu, kiti cha plastiki kilichokatwa katikati kwa msumeno, miguu yake imechimbiwa kwenye zege kisitikisike. Na taa moja ya sola juu ya mlango, inayojiwasha giza likiingia.

Mama alikuja na mkongojo wake kukagua. Akashika bomba, akatembea mpaka mwisho, akarudi. Akashika tena. Akasema bomba ni la baridi asubuhi. Fundi akalivisha mpira wa baiskeli uliopasuliwa, kutoka mwanzo hadi mwisho. Sijawahi kuona kifaa kilichobuniwa vizuri kuliko kile, na mbunifu wake mmoja alikuwa bibi wa miaka themanini.

Umeme nao umesogea. Vijiji vimeunganishwa na gridi, na ada ya kuingiziwa umeme vijijini ni shilingi 27,000. Wengi wetu tukiuvuta nyumbani tunaanza na televisheni sebuleni, kwa sababu ndiyo tutakayoitazama sisi tukienda sikukuu. Balbu ya uani inabaki kwenye orodha.

Ukibonyeza, anakuja nani?

Huko ng'ambo mzee anavaa kidude shingoni. Akianguka anabonyeza, kengele inalia mahali fulani, mtu anamjibu. Uingereza peke yake ina watu wapatao milioni 1.8 wanaotegemea huduma ya namna hiyo. Nimewasikia ndugu zetu wa mjini wakitamani kuwanunulia wazazi vidude hivyo, au saa za mkononi zinazopima mapigo ya moyo.

Basi wasikilize kilichotokea hukohuko. Simu za zamani za waya zilikuwa na umeme wake, ukipita kwenye waya uleule. Nyumba ikikosa umeme, simu bado inafanya kazi. Makampuni yalipoanza kuhamishia laini kwenye intaneti, vidude vingine vikakaa kimya. Wazee walibonyeza na hakuna aliyesikia. Desemba 2023 serikali ya huko ilibidi ikubaliane na makampuni kusimamisha kwanza uhamishaji wa lazima kwa wateja kama hao. Nchi yenye umeme wa uhakika ilipata ajali hiyo. Mlola, ambako upepo ukiangusha mti mmoja kata nzima inalala gizani, kidude shingoni kitamwita nani?

Wa kuitwa ni mtu. Na Tanzania, katika hili, tayari tumefanya kitu cha kujivunia ambacho bado hatujakifikisha kwa wazee. Mfumo wa m-mama, ulioanza kama majaribio Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, unamwezesha mjamzito, mama aliyejifungua au mwenye kichanga mgonjwa kupiga simu namba 115, bila malipo, kwa simu yoyote hata kiswaswadu. Anayepokea anamuuliza mgonjwa ana nini, anatafuta gari la wagonjwa, na likiwa mbali anampigia dereva wa karibu wa kijijini aliyesajiliwa. Dereva akishamfikisha mgonjwa, analipwa kwa simu. Tazama jinsi kilivyo chepesi: simu ya kawaida, mtu anayepokea, dereva anayeijua njia, malipo ya uhakika. Teknolojia imejificha nyuma ya watu.

Kwa nini bibi aliyevunjika nyonga asiwe na namba kama hiyo? Vijana wanne wenye machela hawapatikani kila alfajiri. Vijana wenyewe wanapungua, wako Kariakoo. Najua fedha ni kidogo na mama wajawazito lazima watangulie. Lakini njia imeshalimwa. Kuipanua ni kazi ndogo kuliko kuianzisha.

Vilevile mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaotarajiwa kufika zaidi ya 137,000 nchi nzima. Hawa watapita nyumba kwa nyumba. Nawaomba wanaoandaa fomu zao waweke maswali machache ya mzee: choo chako kiko umbali gani? Usiku unatoka na taa? Dawa za presha zimebaki ngapi? Mara ya mwisho ulianguka lini? Majibu hayo yakiingizwa kwenye simu ya mhudumu na kufika kituo cha afya, hapo simu itakuwa imefanya kazi ya utunzaji.

Msiseme hawawezi

Limebaki neno moja linaloniudhi, la kwamba wazee hawawezi kujifunza. Chuo cha Barefoot cha Tilonia, India, kimewachukua bibi kutoka vijiji vya Afrika, wengi wasiojua kusoma wala lugha ya mwalimu, na katika miezi sita kimewarudisha kwao wakiwa mafundi wa umeme wa jua. Wamo Watanzania wa Lindi na Mtwara. Chuo hicho kina tawi Kinyasini, Unguja, ambako akina mama wanajifunza kwa Kiswahili kuunga waya, kufunga betri, kutengeneza taa iliyoharibika. Walichaguliwa watu wazima kwa makusudi, kwa kuwa kijana akishapata ujuzi anaondoka kijijini, bibi anabaki.

Mwanamke aliyeweza kukumbuka madeni ya gulio zima bila daftari atashindwa kukumbuka tarakimu nne? Hashindwi. Hakufundishwa. Tulimkabidhi simu kwa haraka, siku moja kabla ya basi letu kuondoka, tukabonyeza sisi badala yake, tukamwandikia kikaratasi. Shangazi yangu sasa anasoma salio lake mwenyewe. Kilichohitajika ni mpwa wake wa darasa la sita, jioni sita, na subira. Kikaratasi walikichoma jikoni wakicheka.

Ofisi zetu za kata zina mabaraza ya wazee. Penye wazee haliharibiki neno, tunasema, lakini sijapata kusikia baraza la wazee likiitwa kuulizwa mashine ya vidole iweje, au mtungi wa gesi uwe na uzito gani. Lushoto ina nafasi ya kuonyesha njia: mafundi wapo, udongo upo, mbao zipo, na wazee wenye maoni hawajawahi kupungua.

Kwako wewe unayesoma haya ukiwa mjini, mama au baba yako yuko kijijini, nina ombi. Idi ijayo au Krismasi ijayo, ukipanda nyumbani, usilale kwenye kile chumba kizuri ulichojengewa wewe. Lala karibu na chumba chake. Saa nane za usiku amka, acha simu yako kitandani, na utembee gizani kwenda chooni kwa njia anayopita yeye, ukihesabu hatua. Asubuhi mwite fundi kabla hujanywa chai.